Mabaki ni ya ngeli gani?

Fungua Waraka kwa Warumi, sura ya 11, mstari wa 5, katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, ile ambayo wengi hapa Bukavu huibeba kwapani kila Jumapili. Utakuta neno "mabaki" limesimama kati ya maneno mawili yasiyopatana. Kabla yake kuna "yako", kwa maana ya "yapo": hiyo ni ngeli ya 6, ngeli ya maji, mayai na makombo ya chakula. Baada yake kuna "waliochaguliwa": hiyo ni ngeli ya 2, ngeli ya watu. Nomino ni moja, sentensi ni moja, ngeli ni mbili.

Darasani mstari huo uliwekwa ubaoni kama mfano wa upatanisho ulioharibika, tukaambiwa tuusahihishe. Wenzangu wengi waliandika "yaliyochaguliwa" na wakapata alama zao. Mimi sikubaliani na zoezi lenyewe. Ninachokiona pale ni nomino iliyokamatwa katikati ya safari, ikihama kutoka kwa vitu kwenda kwa watu, na mfasiri aliiandika ilivyokuwa. Safari hiyo si ya mfasiri peke yake. Makundi ya waamini yameifanya tangu zamani za Wayahudi wa kando ya Bahari ya Chumvi, na makundi ya kwetu Kongo yameifanya katika karne iliyopita, na yanaifanya hadi leo. Dai langu ni hili: kundi linapochukua neno la Biblia na kulifanya jina lake, kinachobadilika kwanza ni sarufi ya neno, na maana hufuata nyuma. Hiyo ni kazi yetu sisi wa lugha. Tumewaachia wanateolojia na wanasosholojia, nao hawaoni ngeli.

Tubaki kidogo na huo mstari. Katika Kigiriki cha Paulo neno ni "leimma", umoja, jinsia ya katikati, ile isiyo ya kiume wala ya kike. Hakuna "waliochaguliwa" pale; kuna nomino tu, "uchaguzi". Kifaransa nacho kina "reste", umoja, neno lilelile la hesabu ya kutoa tuliyoifanya shule ya msingi. Kiebrania cha Isaya, ambako Paulo alichota, kina "shear", na kitenzi chake kiko katika umoja: baki litarudi. Isaya alimwita hata mwanawe kwa maneno hayo, Shear-yashubu. Lakini ukifika Isaya 10:21 katika Kiswahili, mabaki "watarudi". Lugha tatu zinaona kitu kimoja kilichosalia. Kiswahili kinaona watu wakitembea.

Mtu anaweza kusema: hiyo ni kanuni ya kawaida, nomino yoyote ya watu hupatanishwa na ngeli ya 1 na ya 2, kama kijana anakuja na mawaziri wamefika. Sawa, lakini kanuni hiyo haigusi nomino za makundi. Jeshi limefika, haliwi "wamefika". Kundi limetawanyika, umati umelia, kanisa limeamua, familia imehama. Ndani ya hayo yote wamo watu, na bado sarufi inaliona kundi kama mwili mmoja, kama kitu. Ili nomino ya kundi ivuke mpaka kwenye "wa-", lazima msemaji aache kuliona kundi kwa nje aanze kuona nyuso. Mitaani kwetu, ambako ngeli nyingi zimeanguka, mpaka huo haujaanguka: vitu "biko", watu "beko". Mama anayeuza maharage Kadutu hajui ngeli ya 6 ni nini, lakini hawezi kusema watoto wake "biko".

Sasa twende Qumran. Mwaka 1947 na miaka iliyofuata, katika mapango karibu na magofu ya Khirbet Qumran, ziligunduliwa hati za ngozi ambazo nyingi wataalamu huzihusisha na kundi la Wayahudi walioishi pale mpaka vita na Warumi, mnamo mwaka 68. Waandishi wa nje, Josephus, Philo na Plinius, wanatuambia habari za Waesene, na wengi wanaamini ndio hao. Ila jina la Waesene halimo katika hati zao. Wao walijiita kwa maneno mengine, na karibu yote yalitoka katika Maandiko: wana wa nuru, wana wa Sadoki, maskini, wengi, agano jipya. Jina lao kuu ni "Yahad".

Katika Biblia ya Kiebrania "yahad" ni kielezi karibu kila mahali. Maana yake ni "pamoja", na mzizi wake ni jamaa wa neno la "moja", kama vile "pamoja" yetu ilivyojengwa juu ya "moja". Watu wa Qumran walikichukua kielezi hicho wakakipa kibainishi, wakakifanya nomino: kanuni ya Yahad, baraza la Yahad, watu wa Yahad. Fikiria kundi hapa Nyawera linajiita "Pamoja", na kiongozi anasimama kusema: "Pamoja imeamua, na asiyeitii Pamoja atapunguziwa chakula." Mara ya kwanza utacheka. Baada ya mwezi utakuwa unajua Pamoja ni nani na wewe umo au humo. (Adhabu ya kupunguziwa chakula sikuibuni; imo katika kanuni zao.)

Jina la "wengi" lina mwendo huohuo. "Rabbim" ni kivumishi cha kawaida kabisa cha Kiebrania. Katika kanuni ya Yahad kinageuka kuwa jina la mkutano mkuu wa wenye haki ya kusema: mtu anaketi mbele ya Wengi, anaomba ruhusa kwa Wengi, anafukuzwa na Wengi. Wasomi wengi hutazama nyuma kwenye Danieli 12, ambako wapo wanaowaongoza "wengi" kwenye haki. Neno lililokuwa likihesabu watu limekuwa mlango wa kuingilia. Na "maskini": ufafanuzi wao wa Zaburi ya 37 unawachukua wapole watakaoirithi nchi na kusema hao ni kusanyiko la maskini, maana yake sisi. Zaburi ilikuwa imesema juu ya hali ya mtu yeyote mpole. Ufafanuzi umeifanya hali hiyo kuwa uanachama.

Wapinzani nao walipewa majina kwa njia hiyohiyo. Kundi moja, ambalo wengi wanadhani ni Mafarisayo, linaitwa wanaotafuta mambo laini, "halaqot". Isaya 30 inasema juu ya watu wanaotaka kuambiwa maneno laini, na wataalamu wengi wanasikia humo mchezo wa sauti na "halakhot", yaani sheria ambazo Mafarisayo walizichambua. Konsonanti moja imebadilishwa, na elimu yote ya jirani imegeuka kuwa utelezi. Tunaosoma fonolojia tungeufurahia utani huu kama haungekuwa na watu waliochukiana nyuma yake.

Mfano wa pili kutoka huko nauhitaji kwa ajili ya kwetu. Wasamaria, wanaoitwa na wengine kwa jina la mahali, Samaria, kwa Kiebrania "Shomron", wao wenyewe hujiita "Shamerim": watunzaji, wanaoitunza Sheria. Konsonanti ni zilezile. Jirani anasema wewe ni wa mji fulani. Wewe unajibu, mimi ni mtu wa kitendo fulani. Hakuna sauti iliyoongezwa. Kilichofanyika ni kulisoma jina upya, kulipa mzizi mwingine. Wanaisimu huita jambo hilo etimolojia ya watu, na mara nyingi hulitaja kwa tabasamu, kama kosa la wasiosoma.

Basi tazama Kitawala. Mafundisho ya Watch Tower, shirika la Kimarekani la vitabu, yalienea Nyasaland kwa mahubiri ya Elliot Kamwana tangu mwaka 1908, yakapita Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia Katanga katika miaka ya 1920, mikononi mwa wafanyakazi wa migodi na reli. Njiani yaliacha kuwa ya Wamarekani. Wale waliobaki na shirika walijichagulia jina jipya mwaka 1931, huko Columbus, Ohio: Mashahidi wa Yehova, kutoka Isaya 43. Waafrika waliokwisha kujitenga walikuwa na jina lao, Kitawala, na Mashahidi wamekuwa waangalifu wasichanganywe nao. Maelezo ya kawaida ni kwamba neno la Kiingereza la "mnara" lilitamkwa "tawa", kisha "tawala", likapewa kiambishi ki-. Wapo wanaosema jina lilitoka moja kwa moja katika kitenzi "kutawala". Ubishi huo wa asili haunisumbui sana, kwa sababu kwenye masikio ya aliyejua Kiswahili mambo yote mawili yalisikika kwa pamoja, na la pili ndilo lililouma. Mnara ni jengo. Kutawala ni kitenzi, na kitenzi hudai mtenda: nani atatawala?

Na kiambishi ki- nacho tukisikilize. Ni ngeli ya 7, ile ya lugha na ya namna ya kufanya mambo: Kiswahili, Kifaransa, kizungu, kizee. Kitawala basi hakisikiki kama jina la chama. Kinasikika kama namna ya kuishi ya watu wanaotawala, karibu kama lugha yao. Afisa wa Kibelgiji aliyekuwa akijaza fomu aliandika "Kitawala" akadhani ameandika jina la dhehebu. Alikuwa ameandika sentensi dhidi yake mwenyewe. Katika Biblia ya Kiswahili tunayoisoma leo, kitenzi hicho ndicho anachopewa binadamu wa kwanza juu ya samaki na ndege katika Mwanzo 1, na ndicho wanachopewa waliofufuliwa katika Ufunuo 20, watakaotawala pamoja na Kristo. Mwanzo na mwisho wa kitabu kizima vinashikwa na mzizi mmoja, -tawala. Serikali ilikipiga marufuku, ikawahamisha wafuasi kwa nguvu kutoka mkoa hadi mkoa, na kwa kuwahamisha ikakieneza. Nicole Eggers, aliyeandika historia ya Kitawala nchini Kongo, amewafuatilia mpaka miaka ya karibuni, maana hawajaisha.

Hapa jambo linafika nyumbani. Mwaka 1944, huko Masisi na Lubutu, yalizuka maasi ya watu wa Kitawala chini ya Bushiri Lungundu. Sehemu hizo zilikuwa ndani ya mkoa wa Costermansville, na Costermansville ndiyo Bukavu hii; kwa hiyo barua za kuripoti maasi zilikuja kwenye kilima chetu, hapa hapa juu ya ziwa. Maasi yalizimwa kwa bunduki. Bushiri alijulikana kwa jina la Mukombozi.

Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu. Kukomboa, kabla ya kuwa neno la kanisa, ni kulipa ili kitu kilichowekwa rehani kirudi kwa mwenyewe: shamba, mbuzi, mtu. Na ndivyo lilivyo neno la Kiebrania lililo nyuma yake, "goel". Katika Walawi 25 goel ni ndugu wa karibu anayenunua tena shamba la ukoo lililouzwa, au anayemtoa utumwani ndugu yake aliyejiuza kwa umaskini. Ni neno la sheria ya ukoo. Isaya alilichukua akamwita Mungu hivyo. Sasa angalia alichofanya mfasiri wa Kiswahili. Kwa Isaya ameandika "mkombozi". Kwa Ruthu, pale Boazi anapoambiwa wajibu wake, ameandika "jamaa aliye karibu". Kwa Kiebrania ni neno moja. Kiswahili kimelipasua vipande viwili: upande mmoja kulipa na kutoa, upande mwingine undugu.

Na Kongo ina harakati mbili zilizosimama kila moja juu ya kipande chake. Sisemi zilichota katika Biblia hiyo, kwani zote zilikuwa na njia zao na ya kwanza iliitangulia. Ya kwanza ni hiyo ya Mukombozi. Ya pili ni Jamaa. Placide Tempels, Mfransisko kutoka Flanders, yule ambaye sote tulimsoma mwaka wa kwanza kwa ajili ya kitabu chake cha falsafa ya Kibantu, alianzisha Jamaa mwaka 1953 kati ya wafanyakazi wa migodi, karibu na Kolwezi. Johannes Fabian aliichunguza katika miaka ya 1960, na ni kwa kusikiliza Kiswahili chao ndipo alipoielewa. Walisema juu ya uzima, uzazi na mapendo. Waliitana baba na mama, mume na mke wakiingia pamoja, na Tempels mwenyewe alikuwa Baba Placide. Mfanyakazi aliyetolewa kijijini kwake akapewa namba ya kambi alipata kwa neno moja kile ambacho kampuni haikuweza kumpa, watu wa kwake.

"Jamaa" kwa asili ni neno la Kiarabu la kukusanyika. Msikitini "jamaa" ni waliokusanyika kusali. Kwa hiyo Jamaa ya Kolwezi na Yahad ya Qumran ni karibu jina moja, waliokuwa pamoja, ingawa kati yao kuna miaka elfu mbili na hakuna uzi wowote wa historia. Lakini sarufi ya Jamaa ilienda mbali zaidi. Kwa Kiswahili cha kawaida jamaa ni kundi na pia ni mtu: "jamaa yangu yote", "jamaa mmoja alinipita". Kundi na mwanakundi wana jina moja. Yahad haikuweza hivyo. Ilihitaji kusema "mtu wa Yahad". Katika jina la Jamaa hakuna nafasi kati yako na kundi. (Miaka michache baadaye, mwaka 1962, Nyerere alilitia neno hilohilo u- ya ngeli ya 14, na undugu ukawa siasa ya nchi. Kiambishi kimoja tu.)

Nirudi Bukavu ya leo, maana sipendi makala zinazokaa katika karne iliyokufa. Pita Jumapili asubuhi kutoka Essence hadi Panzi ukisikiliza. Wakatoliki wa mtaa wako wana "shirika" yao, ambalo kwa wengine mjini hapa ni jina la asasi yenye gari la kifahari na bendera. Moja linakuja na dodoso, lingine linakuja na kuni na viti siku ya msiba, na hakuna anayeyachanganya. Waadventista ni kanisa la "masalio", kutoka Ufunuo 12, ndugu wa mabaki yetu ya Warumi. Waliookoka katika uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, waliitwa kwa neno la Kiganda, Balokole, na wengine walilitamka kwa dhihaka. Wao wakalivaa, kama walivyofanya wanafunzi wa Antiokia walioitwa Wakristo na watu wa nje. Na wafuasi wa Ujumbe wa William Branham hujiita Bibi-arusi.

Hilo la mwisho lingefaa kupewa semina nzima. Katika Ufunuo bibi-arusi wa Mwana-Kondoo ni mmoja. Kundi lililochukua jina hilo halikulipeleka kwenye wingi. Lilibaki na "a-". Bibi-arusi anajiandaa, Bibi-arusi anausikia Ujumbe, Bibi-arusi ataondoka. Watu maelfu, wanaume wenye ndevu wakiwemo, wako ndani ya kiambishi kimoja cha umoja cha ngeli ya 1. Linganisha: kanisa "limeamua", mabaki "wamechaguliwa", Bibi-arusi "anasubiri". Ukinipa kitenzi bila kiima nitakisia dhehebu, na sitakosa mara nyingi.

Je, kuna mtu anayeumia kwa viambishi? Nitoe kisa kimoja, cha matanga ya mjomba wangu. Alizaliwa Mkatoliki, akahamia kanisa la uamsho ambalo sitalitaja, akafia huko. Asubuhi ya mazishi, uani, mzee wa ukoo alisimama akasema kama inavyosemwa siku zote: "Bandugu batangulie, babebe." Makundi mawili yakainuka kwa mara moja. Upande huu wadogo zake na watoto wa baba zake wadogo. Upande ule wanaume wa kanisa, wamevaa mashati meupe, wameshajipanga. Kukawa kimya. Mzee akasema: "Nimesema bandugu ba tumbo moja." Shemasi wa kanisa akajibu kwa heshima, kichwa chini: "Mzee, tunakuheshimu sana. Lakini sisi tulizaliwa naye mara ya pili." Mjane akaanza kulia upya, na si kwa ajili ya marehemu.

Ile haikuwa fujo ya watu wasioelewana lugha. Walielewana kabisa. Kila upande ulikuwa na neno "ndugu" lililo kamili, lenye haki na wajibu wake: nani anabeba, nani anatangulia, nani ataulizwa kesho mjane atakula nini. Torati yenyewe ina mvutano huo. Katika Kumbukumbu la Torati "ndugu yako" ni Mwisraeli yeyote, na wa damu yako humohumo. Mwishowe jeneza lilibebwa na wa tumbo moja mpaka barabarani, na wa kanisa kutoka barabarani mpaka kaburini. Mzee ndiye aliyeamua. Nilipomwuliza baadaye kwa nini barabara, alisema: "Uwanja ni ya baba yake. Barabara ni ya kila mtu."

Na kuna upande mbaya zaidi ambao lazima niuseme, kwa sababu tunaishi Kivu. Wana wa nuru hawawezi kuwepo bila wana wa giza. Hati za Qumran zina kanuni nzima ya vita kati ya hao wawili. Kila jina la ndani huzaa jina la nje. Kwa walio wengi mjini hapa jina la nje ni "wapagani", na nimesikia likitumiwa kwa bibi kizee aliyeshika rozari maisha yake yote. Si wote wanaolitamka wana chuki. Lakini sote tumekua tukijua majina ya makundi yanavyofanya kazi katika mkoa huu, jinsi neno lililokuwa la kilima au la ng'ombe linavyopewa kiambishi cha ba-, likaingia redioni, na watu wakahama usiku. Neno la dini halina kinga ya pekee dhidi ya hilo. Kitawala kilikuwa neno la dini.

Sasa kwa kitivo chetu. Ukitazama rafu ya memwari za wahitimu, utakuta majina ya watu katika Mashi, methali, majina ya mitaa, makosa ya wanafunzi wa sekondari katika Kifaransa. Ni kazi nzuri. Msamiati wa makundi ya waamini, ambao watu wa Bukavu huutumia kila siku kuamua nani ni nani, sikuukuta. Nilipopendekeza mada hii niliambiwa kwa upole kwamba ni teolojia, na kwamba itawaudhi watu. La kwanza si kweli: mwanateolojia atauliza kama mabaki kweli wamechaguliwa, mimi nauliza kwa nini ni "wa". La pili linaweza kuwa kweli, ila wazee wa makanisa niliozungumza nao hawakuudhika. Mmoja, mchungaji wa Bagira, alinishika saa mbili akinieleza tofauti kati ya "walioitwa" na "walioteuliwa", na nakiri sijapata somo zuri zaidi la kauli ya kutendwa.

Najua pia pingamizi la walimu wa sarufi sanifu: tukianza kukubali "mabaki waliochaguliwa", tutakubali kila kitu. Sidhani. Hakuna mtu mjini hapa anayesema makombo ya ugali "wamechaguliwa". Wasemaji wana kanuni, na ni kali kuliko yetu. Kinachotakiwa ni kuiandika. Ningeanza na kazi ndogo ya muhula mmoja. Wanafunzi kumi na wawili, wawili wawili, ibada sita, daftari na si kinasa sauti, maana kinasa sauti huwabadilisha watu. Kila jina ambalo kundi linajiita, liandikwe na kitenzi kinacholifuata, na jina la walio nje na kitenzi chake. Kisha swali moja kwa kila kundi: mtu mmoja wa kwenu anaitwaje? Najua Mlokole, najua Shahidi. Wa masalio husema "mimi ni wa kanisa la masalio", na wa Bibi-arusi husema "niko katika Ujumbe". Lakini umoja wa "mabaki" sijausikia kinywani mwa mtu yeyote. Nimewauliza watano. Wawili walicheka, wawili walisema ni Mungu anayejua, na mmoja, mama wa makamo anayeuza vitenge, alifikiri kidogo akasema hakuna, kwa sababu mtu hawezi kubaki peke yake.